Nzilo: Kujitayarisha kwa maratoni wakati wa kipwa, kwa mwendo wa polepole

Saa kumi na moja na nusu ya asubui, mwezi wa 6, kando ya ziwa Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi. Kungali giza. Ukungu umelala juu ya maji, na wavuvi wawili wamejikunja mbele ya mbabula, kofia za sufu zimefika mpaka machoni. Mumoja ananitazama nikipita.

“Mukubwa, nani anakufukuza?”

Namujibu: hakuna mutu. Anacheka. Anasema anaona, sababu mutu mwenye kufukuzwa hakimbii namna ile.

Iko na haki. Kilometa moja inanikamata dakika 8 na nusu. Kule Chicago, mwezi wa 10 mwaka wa 2023, Kelvin Kiptum wa Kenya alimaliza maratoni nzima, kilometa 42 na metre 195, kwa saa 2 na sekunde 35. Mimi, kila kitu kikienda muzuri, nitahitaji saa 6.

Saa ndiyo shida yangu. Maratoni ya muji mukubwa inafunga barabara, kisha barabara zinafunguliwa tena kwa magari. Berlin, kwa mufano, inaacha saa 6 na dakika 15. Mwaka uliopita, katika shindano moja fupi ambalo sitalitaja, nilifika mwisho wakati bendera zilikuwa zimekwisha kutoshwa, pamoja na meza za maji na mutu wa kuandika saa. Bibi yangu peke yake ndiye alikuwa ananingojea, amekaa juu ya kreti ya bia. Nilimaliza, lakini hakuna karatasi yenye kuonyesha hilo. Mwaka huu nataka jina langu liandikwe kule Nairobi, mwezi wa 10.

Kwa mwenye kutaka kukimbia mwezi wa 10, mazoezi yote yanaangukia ndani ya kipwa. Watu wa Goma na Bukavu watashangaa, lakini huku Lualaba mwezi wa 6 na wa 7 ni baridi ya kweli: Kolwezi iko juu zaidi ya metre 1.400, na usiku digri zinashuka mpaka karibu na 10, siku zingine chini. Baridi yenyewe haiui mukimbiaji. Tena inamusaidia, sababu mwili haupati moto haraka. Anavaa nguo mbili nyepesi, anafunika masikio na vidole, anaanza kwa kutembea dakika kumi. Kosa langu la kwanza lilikuwa koti kubwa: kisha kilometa tatu nilikuwa nimelowa jasho, na niliposimama, upepo wa ziwa ulinifundisha adabu.

Adui wa kweli ni vumbi. Miezi inapita bila tone la mvua, malori ya migodi yanapita, watu wanachoma majani porini, na asubui hewa ya baridi inashika moshi na vumbi karibu na udongo. Ndiyo maana siku za kazi nakimbia kidogo tu ndani ya muji, mbali na barabara kubwa, na siku ya yenga napanda pikipiki mpaka Nzilo. Kibarazo kilichojengwa miaka ya 1950 kilizuia Lualaba na kufanya hili ziwa. Umeme wake unaenda, mimi nabaki na hewa.

Vitabu vingi vya mazoezi viliandikwa kwa watu wenye mbio. Vinasema: mbele ya shindano, kimbia kilometa 32 mara moja ao mara mbili. Mwenye kukimbia kilometa kwa dakika 5 anazimaliza kwa saa 2 na dakika 40. Mimi, kilometa zile zile zinaomba saa 4 na nusu, na magoti yanalipa deni juma nzima. Kwa hiyo siku hizi nahesabu saa, sihesabu kilometa: kila juma naongeza dakika 10 ao 15, juma la ine napunguza, na sipiti saa 3 na nusu. Tena natembea. Mumarekani Jeff Galloway, aliyekimbia metre 10.000 katika Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972, ndiye aliyeeneza njia ya kukimbia na kutembea kwa zamu. Dakika ine mbio, dakika moja miguu. Mwanzo niliona haya. Sasa hapana.

Jambo lingine halisemwi sana: maji mengi yanaweza kuua. Katika maratoni ya Boston ya mwaka wa 2002, waganga walipima damu ya wakimbiaji 488, na 13 kwa mia walikuwa na chumvi kidogo kupita kiasi katika damu. Hatari ilikuwa kubwa kwa wale waliokunywa kupita kiasi na waliozidisha saa 4 njiani, ni kusema watu kama mimi. Wakati wa baridi mutu hasikii kiu sana. Basi nakunywa nikisikia kiu, na nabeba kipande cha bukari na samaki wa chumvi ndani ya kasashi. Wavuvi walicheka hiyo pia.

Muuguzi mumoja wa Manika, mama wa watoto wane, anajitayarisha vilevile, kwa mwendo wa chini kuliko wangu. Yeye hawezi kutoka saa kumi na moja: mwanamuke peke yake gizani, hapana. Anangoja jua, karibu saa kumi na mbili na nusu, anakimbia mbele ya kazi, na vumbi linamukuta. Kwangu mimi, huyo ndiye anakimbia maratoni ngumu.

Inchi yetu ilikuwa na mutu wake katika maratoni ya Rio mwaka wa 2016: Makorobondo Salukombo, mutoto wa Kivu, ambaye anasaidia vijana wakimbiaji kule Kirotshe. Hakushinda. Alifika.

Siku ya yenga iliyopita nilifanya saa 3 na dakika 10. Niliporudi, wale wavuvi walikuwa wamekwisha kuuzisha samaki wote, na mbabula ilikuwa imezimika. Waliniachia kikombe cha chai, cha baridi.