Taa Nyekundu Isiyolala

  

Ndugu msomaji, usiku mmoja baada ya Swala ya Isha walinijia wapangaji wa nyumba moja ya vyumba vinne hapa Iringo, mjini Musoma. Nyumba hiyo ina mita moja ya LUKU, na desturi yao ni kuchanga sawa kwa sawa. Mchango uliokuwa shilingi 2,200 kwa kila chumba kwa mwezi ulikuwa umefika 3,200 na ushei, ilhali hapakuwa na aliyeleta friji wala jiko la umeme. Mama mmoja mjane, ambaye chumbani mwake mna balbu moja na simu ndogo, aliuliza swali ambalo sijalisahau: "Sheikh, hiyo elfu moja yangu imemulika nini?"

Wengine waliilaumu mita, kama ilivyo ada yetu. Mimi nikamuuliza kijana mmoja miongoni mwao, mfanyakazi wa mwaloni, ambaye mwezi ule alikuwa amenunua televisheni kuukuu, king'amuzi na sabufa. Alijitetea, na wallahi sikumwona mwongo. Huondoka alfajiri, hurudi usiku, hutazama taarifa ya habari, kisha huzima na kulala. Nikamuuliza anazima kwa nini. Akajibu: kwa rimoti.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Chombo kinachozimwa kwa rimoti hakizimiki, bali husinzia. Ili kiisikie rimoti kesho, lazima sehemu yake moja ibaki macho usiku kucha, na ile taa nyekundu ndogo ndiyo ishara ya kwamba kingali kinakula. King'amuzi ndicho kilafi zaidi, kwa sababu vingi, hasa vya zamani, hula vikiwa "vimezimwa" karibu sawa na vinavyokula vikiwa vimewashwa. Uguse mgongo wake asubuhi, utaukuta una joto. Joto hilo ni fedha.

Tufanye hesabu, kwa kuwa dini yetu haichukii hesabu. Tuchukue king'amuzi cha wati 10. Kwa saa 24 na siku 30 kitakuwa kimekula uniti 7.2. Sabufa ya wati 5 itakula uniti 3.6, na televisheni ya wati 2 itakula karibu uniti moja na nusu. Jumla ni uniti 12 na zaidi kwa mwezi, bila ya mtu kutazama wala kusikiliza chochote. Ukiongeza ile saa moja ya taarifa ya habari, zinakaribia 14.

Mtu atasema uniti 14 ni kitu gani? Kwa tajiri huenda si kitu. Lakini kwa bei zilizoanza mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayopita hapo ni shilingi 350. Nyumba ile ilikuwa ikitumia uniti 70 na kitu. Uniti chache zilizopotea bure ndizo zilizoivusha mpaka, na kila iliyovuka ililipiwa zaidi ya mara tatu. Matumizi yakiendelea kuwa makubwa, mteja huhamishiwa daraja jingine ambamo kila uniti, tangu ya kwanza, ni shilingi 292. Hapo gharama ya mwezi huweza kuzidi maradufu.

Sasa tulitazame jambo hili kwa macho ya sheria. Wanazuoni wametofautisha israfu, ambayo ni kupita kiasi katika lililo halali, na tabdhiri, ambayo ni kutapanya mali pasipo mahali pake. Na hukumu ya watapanyaji imo katika Sura Al-Israa, aya ya 26 na ya 27. Mtu aishiye peke yake akiacha taa nyekundu iwake, anajidhulumu nafsi yake kwa mali yake. Lakini wapangaji wanaochanga sawa wana hali nyingine kabisa. Hapo aliyesinzisha chombo chake anakula katika mfuko wa jirani, na jirani hajui, wala hajatoa idhini. Hiyo ni haki ya mja, na haki ya mja haifutiki kwa istighfari tupu mpaka mwenyewe arudishiwe au asamehe. Simhukumu kijana yule, kwa maana alikuwa hajui. Baada ya kujua, udhuru umekwisha.

Wapo wanaosema kwamba umeme sasa upo tele. Ni kweli kwamba tulipita katika mgawo wa mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa 2024, na kwamba bwawa la Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115 na jina la Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama hapa jirani, liliwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024 na kukamilisha yote tisa mwaka 2025. Tumshukuru Allah. Hata hivyo wingi wa kitu si ruhusa ya kukifuja. Amepokea Ibn Majah habari ya Mtume (S.A.W.) kumkataza Saad israfu ya maji katika udhu, hata akiwa kwenye mto unaotiririka. Wataalamu wa hadithi wameisema sanadi yake kwa udhaifu, lakini maana yake wameikubali. Sisi tunaotawadha kando ya Ziwa Viktoria tunapaswa kuielewa kuliko wengine.

Nililijaribu jambo hili nyumbani kwangu. Usiku mmoja, friji likiwa tupu, nililichomoa, nikazima taa zote, nikasoma tarakimu za LUKU na kuziandika. Nilipoamka kwa Alfajiri nikasoma tena. Zilikuwa zimepungua 0.15, na ndani ya nyumba hapakuwa na kilichowashwa! Nilikuta king'amuzi, redio ya wanangu na tanuri dogo la umeme lenye saa ambayo hatuitazami kamwe. Kila familia inaweza kufanya jaribio hili bila fundi.

Dawa yake ni nyepesi, kwa kuwa soketi zetu nyingi zina swichi ukutani. Bonyeza hiyo. Asiye na soketi za kutosha atumie ekstensheni yenye swichi, vyombo vyote vizimike kwa kidole kimoja. King'amuzi kitachelewa dakika chache kuamka, na tusubiri. Tena chombo kilichochomolewa hakiungui umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika. Mtume (S.A.W.) aliagiza taa zizimwe wakati wa kulala, na akataja hatari ya panya kuburuta utambi na kuunguza nyumba. Panya wa siku hizi ni waya uliochakaa nyuma ya kabati.

Lakini tusiwasumbue watoto kwa jambo dogo. Chaji ya simu ya kisasa iliyoachwa ukutani bila simu hula kidogo mno, haifiki hata nusu uniti kwa mwezi. Nimeona baba akimfokea bintiye kwa chaji, na nyuma yake king'amuzi kinachemka.

Na misikiti yetu je? Mashine ya kipaza sauti huachwa macho kutoka Alfajiri hadi Isha, na pengine hadi Alfajiri nyingine, kwa sadaka za watu. Husimuliwa kwamba Khalifa Umar bin Abdulaziz aliizima taa ya mafuta ya umma mazungumzo yalipogeuka kuwa yake binafsi. Waadhini wetu waanzie hapo.

Wapangaji wale walikubaliana kwamba mwenye televisheni achangie zaidi, na mama wa balbu moja achangie shilingi 1,000. Kijana alinunua ekstensheni yenye swichi siku ya pili yake. Ile elfu moja ya mwezi uliopita alimpelekea mama mwenyewe mlangoni, na mama akaipokea.