Mahindi yakiota meupe: kosa la mbegu ao la bulongo?

Kila mwaka mvua ikianza, kuna mkulima wa huku Kolwezi ao Nzilo mwenye kuona mche wa mahindi umetoka mweupe kabisa, sawa karatasi. Neno la kwanza: "Ni mgodi." Pengine ndiyo. Lakini kuna namna ya kutambua.

Rangi ya kijani inaitwa klorofili. Inashika mwangaza wa jua ili mmea ujipikie sukari yake. Kuitengeneza ni kazi ya hatua nyingi, na kila hatua inaongozwa na jeni, yaani agizo lenye kuandikwa ndani ya mbegu. Jeni moja ikiharibika, kazi inaweza kukatika.

Mahindi yanapokea kila jeni mara mbili: moja kwa baba, moja kwa mama. Moja nzima mara nyingi inatosha, kwa hiyo mhindi wa kijani unaweza kubeba jeni mbovu bila mtu kujua. Mihindi miwili yenye kubeba ubovu ule ule ikizaa pamoja, karibu mbegu moja kwa nne inatoa mche mweupe. Huo unakula akiba ya mbegu, halafu kisha wiki mbili tatu hivi unakufa. Usipoteze mbolea yako.

Njano ni jambo lingine. Mahindi yaliyoota chini ya gunia ni ya njano juu hatua moja inangoja mwangaza. Ukifunua, siku moja ao mbili yanageuka kijani. (Mwani mwingi, ile kijani yenye kuteleza kwenye mawe ya ziwa, uko na jeni za kufanya hatua hiyo hata gizani. Mahindi hayana.)

Na bulongo sasa. Shaba na kobalti zikizidi, zinazuia mmea kutumia chuma vizuri. Chuma haimo ndani ya klorofili, ila bila chuma haitengenezwi. Majani machanga yanakuwa njano, mishipa ikibaki kijani. Yakianza majani ya chini, kuanzia nchani, mara nyingi ni njaa ya azoti tu.

Basi angalia shamba lote. Mche mweupe mmoja huku, mwingine kule, katikati ya wenzao wa kijani: ni urithi. Kipande kizima cha njano, zaidi pale maji ya mgodi yanapita: piga picha, andika tarehe, pimisha bulongo, ndiyo uende kwa chifu. Na kampuni nayo isikujibu "ni mbegu yako" bila kupima.