Kufundisha misingi ya usalama wa kompyuta kwa wanafunzi wa shahada za juu

Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada za juu, awe wa isimu, wa historia au wa sheria, siku hizi hurekodi sauti za watu kwa simu, huzihifadhi katika flashi, kisha huandika tasnifu yake kwa kompyuta ambayo pengine hutumiwa na wengine pia. Huko Ituri na Kivu sauti hizo zaweza kuwa za watu walioshuhudia vita. Flashi hiyo ikipotea, anayehatarishwa kwanza ni yule aliyekubali kusema, naye hakuulizwa itahifadhiwa wapi. Kwa hiyo misingi ya usalama wa kompyuta haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao. Makala haya yanaeleza misingi hiyo ni ipi, na jinsi ya kuifundisha kwa Kiswahili bila maneno yenyewe kumpotosha mwanafunzi.

1. Nguzo tatu

Wataalamu husimamisha usalama wa data juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni usiri: asiyeruhusiwa asiisome data. Ya pili ni ukamilifu: data isibadilishwe kinyume cha haki, wala kuharibika bila mwenyewe kujua. Ya tatu ni upatikanaji: mwenye haki aipate wakati anapoihitaji.

Neno usalama likitajwa, akili hukimbilia usiri. Hata hivyo, tasnifu iliyopotea kwa sababu kompyuta iliungua umeme uliporudi ghafla haikuibwa na mtu, nayo haipo tena. Vivyo hivyo, orodha ya msamiati ambamo safu moja imesogezwa kwa bahati mbaya, kila neno likapewa maana ya jirani yake, imepoteza ukamilifu ingawa hakuna aliyeipeleleza. Mwalimu ataanza vema akiwapa wanafunzi visa vya namna hii, wao waseme ni nguzo ipi iliyoanguka.

2. Kisa cha mwaka 1988

Kuna kisa kinachofaa hasa kwa darasa hili, kwa kuwa mhusika wake alikuwa mwanafunzi wa shahada za juu. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliachilia katika intaneti programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Programu za aina hiyo huitwa minyoo. Inakadiriwa kwamba kompyuta 6,000 hivi ziliambukizwa, wakati intaneti nzima ilikuwa na kompyuta zipatazo 60,000 tu.

Mnyoo huo haukufuta faili. Ulijizidisha mno ndani ya kompyuta ile ile hata ikalemewa: nguzo iliyoanguka ni upatikanaji. Ulipenya kwa kutumia kasoro za programu zilizokuwa zikitumika, na pia kwa kubahatisha nywila, ukijaribu miongoni mwa mengine orodha fupi ya maneno ya kawaida. Mwaka 1990 Morris alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kazi za kijamii na faini.

Baada ya kisa hicho kasoro za programu hazikwisha. Mnamo Machi 2017 kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro moja ya Windows. Miezi miwili baadaye, tarehe 12 Mei, programu iitwayo WannaCry ilipita katika kasoro hiyo hiyo, ikafunga faili za watu katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilikuwa miongoni mwa walioathirika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

3. Maneno yanayofundisha na yanayopotosha

Watu wengi husema neno la siri mahali pa nywila. Istilahi hiyo inaeleweka upesi, lakini inamwambia mtumiaji kwamba neno moja linatosha, na neno moja ndilo linalobahatishwa kwa urahisi. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2017 ulitilia mkazo urefu wa nywila kuliko alama za ajabu ajabu, ukashauri watu wasilazimishwe kuibadilisha kila mara pasipo dalili kwamba imevuja. Mwalimu aweza basi kusema fungu la siri: maneno manne au matano yasiyohusiana.

Neno fumbo nalo lahitaji uangalifu linapotumiwa kueleza usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo. Fumbo la wahenga hufumbuliwa na anayejua namna lilivyofumbwa. Katika usimbaji, kama alivyoeleza Auguste Kerckhoffs mwaka 1883, namna yaweza kujulikana na adui na siri isivuje, maadamu ufunguo umebaki kwa mwenyewe.

4. Zoezi la kila mtafiti

Nadharia hiyo ifuatwe na zoezi juu ya data ya mwanafunzi mwenyewe. Ajibu kwa maandishi: data yangu ni ipi? Ikisomwa na mwingine, nani ataumia? Ikipotea leo, nakala iko wapi? Kisha atende mambo matatu. Majina ya wasimulizi yabadilishwe kwa namba, na orodha ya majina iwekwe mbali na rekodi. Flashi na diski zisimbwe. Nakala ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikikaa katika nyumba nyingine.

Zoezi hili lina uzito wa kisheria pia, kwani Kanuni ya Dijitali ya Kongo, iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023, inalinda data za watu binafsi.

Hitimisho

Programu hubadilika, na mafunzo ya kubonyeza hapa na pale huchakaa pamoja nazo. Nguzo tatu na maswali matatu hudumu. Mwanafunzi aliyeyazoea atajua la kufanya hata mbele ya chombo asichowahi kukiona, na msimulizi aliyemwamini kwa sauti yake hatajuta kusema.