Safari ya kikazi na pesa ya wenyewe: Somo kutoka kwa mwandishi chipukizi wa michezo

Ukitumwa kazi na pesa ya wenyewe, kuna siku ya kuketi na kutoa hesabu. Mwanafunzi mmoja wa uandishi wa habari jijini Nairobi, anayeripoti michezo kwenye gazeti la chuo chake, anaijua siku hiyo vizuri. Alitumwa Iten siku tatu kuandika kuhusu wakimbiaji ambao bado hawajapata jina. Mhariri alimtumia shilingi 7,000 kwa M-PESA na kumpa sharti moja: kila shilingi ionyeshe ilikoenda. Hesabu isipokubali, mwenzake aliye kwenye foleni hatasafiri.

Mtu wa boda haandiki risiti

Iten, makao makuu ya Kaunti ya Elgeyo Marakwet, iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mazoezi huanza alfajiri baridi ikiuma. Ukitaka kuwafuata wakimbiaji kwenye barabara za murram, lazima upande boda. Sasa, ni mtu gani wa boda anatembea na kitabu cha risiti? Hata mama wa chai hana.

Kwa hivyo wote aliwalipa kwa simu. Ujumbe wa M-PESA una nambari ya muamala, jina, kiasi, tarehe na saa. Kitu ambacho haukuambii ni pesa ilikuwa ya nini. Hilo alilijaza mwenyewe: kila akilipa, aliandika nambari ya muamala kwenye daftari la mahojiano na maneno mawili kando yake, kama “boda, mazoezi” au “chai, chapati”.

Kesh alitoa mara moja tu, kwa wakala mjini Eldoret. Kutoa shilingi 500 mara nne kunakula ada nyingi kuliko kutoa 2,000 kwa mpigo. Noti moja aliificha nyuma ya kitambulisho, maana simu inayorekodi na kupiga picha asubuhi yote huisha chaji mapema. Ikizima, pesa iko lakini huifikii.

Chai ambayo hakuiomba

Siku ya pili, mahojiano yalipoisha, simu ililia. Shilingi 2,000 zimeingia. Dakika chache baadaye aliyezituma, mtu anayesimamia wakimbiaji kadhaa, akapiga: “Hiyo ni ya chai. Utuandikie vizuri, sawa?”

Bahasha unaweza kuikataa. Pesa ya simu inaingia kabla hujaulizwa, na rekodi inaonyesha wewe ndiwe mpokeaji. Kwa mwandishi, hiyo inaweza kumharibia jina kabla hajaanza kazi.

Kwanza aliangalia salio, kwa sababu meseji feki za “umepokea” ni nyingi. Pesa ilikuwa imeingia kweli. Kisha akazirudisha zote kwa nambari ile ile, akisoma jina kabla ya kuthibitisha. Ada ya kutuma alilipa kutoka mfukoni mwake. Mwisho akampelekea mhariri meseji zote mbili, ya kupokea na ya kurudisha, siku hiyo hiyo. Makala ilitoka, na mkimbiaji akaandikwa jinsi alivyo, goti linalomsumbua likiwemo.

Lakini chunga: hapa mtumaji alijulikana, na pesa ilikuwa imethibitishwa. Mtu usiyemjua akidai amekutumia kimakosa, usimtumie kitu. Mwambie apeleke ujumbe wake wa M-PESA kwa 456, ombi lake lishughulikiwe kwa njia rasmi.

Kabla hujapanda matatu

- Tenga pesa ya kazi na yako. Ukichanganya, andika salio lako la mwanzo.
- Duka likiwa na Till, lipa hapo. Mteja hakatwi ada.
- Soma jina la mpokeaji kila mara, hata ukiwa na haraka.
- Usifute meseji mpaka hesabu ikubaliwe.
- PIN ni yako peke yako. Hata bosi aliyekutuma haihitaji.

Ukirudi, piga *334# uombe taarifa ya akaunti yako, kisha uilinganishe na daftari mstari kwa mstari. Huyu wetu alibaki na shilingi 80 zisizo na meseji: mahindi choma, alilipa kesh. Aliziandika pia.