Kompyuta ya Kituo Inapokaguliwa kutoka Mbali

Asubuhi ya siku moja ya soko, mama mmoja muuza vitenge alifika katika kituo cha polisi cha mpakani kuchukua taarifa ya upotevu wa kitambulisho chake cha taifa. Alikusudia kuvuka mpaka kabla ya adhuhuri. Askari wa zamu alimwomba radhi, akamweleza kwamba kompyuta ya dawati la malalamiko inakaguliwa kwa agizo la fundi aliye makao makuu, hivyo asubiri. Mama akaitupia jicho skrini. Ilikuwa nyeusi, ina maandishi meupe na asilimia zilizopanda polepole kama jongoo, wala hapakuwa na mkono wa mtu uliogusa chochote. Kufikia jioni habari ilikwisha kuenea sokoni: kwamba yuko mtu Kampala anayesoma siri za watu wa mpakani, na kwamba anaweza kuifuta kesi ya rafiki yake bila hata kuinuka kitini.

Hatuwalaumu waliosema hivyo. Mtu akiona mashine inafanya kazi peke yake katika ofisi yenye maelezo yake, ana haki ya kuuliza nani anaiendesha. Lawama ni yetu kwa kutoeleza mapema, na makala hii ndiyo maelezo tuliyopaswa kuyatoa.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ndani ya kompyuta nyingi za ofisi, hasa zile zilizokaa miaka, mna diski: sahani ngumu inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake huelea kichwa kidogo cha kusomea ambacho hakigusi sahani. Uso wa sahani hiyo umegawanywa katika vijisehemu vidogo sana, kila kimoja kikibeba baiti 512, au 4,096 katika diski mpya zaidi. Maelezo ya mlalamikaji mmoja huweza kukaa katika vijisehemu vingi vilivyotawanyika, na kompyuta huvikusanya kwa kutazama orodha maalumu inayoonyesha kila faili iko wapi.

Sasa fikirini kitabu cha matukio kilicho juu ya kaunta. Kitabu hicho chaweza kuharibika kwa njia mbili. Huenda kurasa zote zikawa nzima, lakini yaliyomo yakaelekeza ukurasa usio sahihi, mtu akatafuta tukio lake asilione. Au huenda karatasi yenyewe ikaliwa na mchwa. Diski nayo ina maradhi hayo mawili. La kwanza huletwa mara nyingi na umeme unaokatika ghafula wakati kompyuta inaandika, na watu wa mpakani hawahitaji kuelezwa umeme unavyokatika. La pili huletwa na uchakavu, joto, vumbi na kuangushwa, na halina dawa. Kijisehemu kilichokufa hakifufuki, bali hutiwa alama ili kisitumike tena.

Kukagua diski ni kutafuta maradhi haya kabla hayajaua. Kompyuta zinazotumia Windows zina programu ya kazi hiyo iitwayo chkdsk. Haihitaji kununuliwa, na fundi aweza kuiamuru kupitia mtandao wa ndani wa ofisi akiwa umbali wa mamia ya kilomita. Kwa kawaida kwanza huiuliza diski hali yake, kwa maana diski zenyewe hutunza hesabu ya vijisehemu vilivyokwisha kushindwa. Kisha huendesha ukaguzi mwepesi ambao, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, hufanyika huku askari akiendelea kuchapa maelezo ya wananchi bila kujua kwamba kuna linaloendelea.

Tabu huja ukaguzi huo unapogundua kasoro inayohitaji kutengenezwa. Diski yenye mfumo wa kompyuta haiwezi kutengenezwa huku inatumika, kama vile fundi asivyoweza kubadili gurudumu la pikipiki inayokwenda. Hapo fundi huacha agizo tu, kisha kompyuta huzimwa na kuwashwa upya, na kabla haijafunguka huanza kujitengeneza. Ndiyo ile skrini nyeusi yenye asilimia.

Hapa pana jambo ambalo tungependa lifike sokoni kwa kasi ile ile iliyofika habari ya kwanza. Wakati skrini ile nyeusi inapoonekana, kompyuta haijaunganishwa na mtandao. Fundi wa makao makuu hawezi kuiona, kuisoma wala kuigusa; yu gizani kama askari aliye mbele yake, akingoja irudi hewani asome ripoti. Saa ile ambayo watu walidhani kompyuta inachunguliwa ndiyo saa ambayo hapakuwa na mtu yeyote wa mbali aliyeweza kuichungulia.

Programu yenyewe haimwonyeshi mtu maneno ya faili. Hupima kama vijisehemu vinasomeka na kama orodha inalingana navyo; ripoti yake kwa sehemu kubwa ni ya hesabu, ingawa huweza kutaja jina la faili yenye kasoro, bila kuonyesha maneno yaliyomo. Je, fundi mwenye ruhusa ya kuingia kutoka mbali angeweza, wakati mwingine, kufungua faili akitaka? Ndiyo, angeweza, na hatutawaficha. Ndiyo maana kompyuta huwekwa iandike nani aliyeingia, saa ngapi na kutoka kompyuta ipi, na ndiyo maana Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ya mwaka 2011 inahesabu kuingia katika data bila idhini kuwa kosa la jinai. Sheria hiyo haimbagui aliyevaa sare. Aidha, maelezo uliyoyatia sahihi hubaki katika jalada la karatasi, na karatasi haifutwi na mtu aliye mbali.

Wengine watauliza kwa nini fundi asisafiri, akaifanya kazi mbele ya macho ya watu. Mafundi ni wachache na vituo ni vingi, na barabara zetu wakati wa mvua mnazijua. Lakini sababu iliyo nzito zaidi ni nyingine. Fundi asipofika, kishawishi cha askari ni kuipeleka kompyuta kwenye duka la kutengeneza simu na kompyuta mjini. Diski yenye maelezo ya watu mia kadhaa inapokaa usiku mmoja juu ya meza ya duka, hapo ndipo siri za wananchi zinapokuwa hatarini kweli. Kwa maoni yetu, ukaguzi wa mbali unaoacha alama ni afadhali mara kumi kuliko safari hiyo ya dukani.

Tunasema haya tukiwa tumekwisha kulipia gharama ya kutokagua. Katika kituo kimoja, ambacho hatutakitaja, kompyuta ya dawati ilianza kuchelewa kufungua faili. Ikawa inatoa mlio wa kugonga, mara kwa mara. Askari walizoea, wakafanya mzaha kwamba inakohoa. Majuma kadhaa baadaye haikuwaka tena, na maelezo ya karibu nusu mwezi yakaenda nayo.

Siku iliyofuata alifika kijana wa bodaboda, usafiri ambao jina lake lilizaliwa hapa hapa mpakani. Pikipiki yake ilikuwa imeibwa juma lililotangulia, na wenzetu wa upande wa pili walikuwa wameshika moja iliyofanana nayo. Walichohitaji ni taarifa yetu yenye namba ya chesisi na namba ya injini. Kitabu cha karatasi kilikuwa na mstari mmoja tu: pikipiki nyekundu, imeibwa usiku. Namba zote zilikuwa zimechapwa kwenye kompyuta iliyokufa. Kijana alilazimika kurudi kwa aliyemuuzia, kutafuta hati ya mauzo, kuipeleka na kuirudisha. Alipoteza siku tatu za kazi kwa kosa ambalo halikuwa lake, na deni la mkopo wa pikipiki halikumsubiri.

Hata hivyo ukaguzi si kinga kamili. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000 za kampuni yao. Waliona kwamba diski iliyoonyesha kosa lake la kwanza katika ukaguzi wa vijisehemu ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko diski isiyo na kosa. Hilo linatufundisha kutoipuuza dalili. Lakini waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kubwa zilizotazamiwa. Kwa hiyo, pamoja na ukaguzi, lazima pawe na nakala ya akiba iliyowekwa mahali pengine, na namba muhimu ziandikwe katika kitabu cha karatasi kwa ukamilifu, si kwa mstari mmoja. Wenye kompyuta zao za shule, za kanisa, za msikiti au za duka nao wajue hivyo. Tena, diski ikianza kugonga, nakili kwanza vilivyomo kabla ya kuamuru ukaguzi mrefu. Ukaguzi huo huipitia diski nzima, na diski mgonjwa huweza kufia humo humo.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Habari ya ukaguzi wa mbali ilipoenea, matapeli nao waliisikia. Wakala mmoja wa fedha za simu alipigiwa na mtu aliyejitambulisha kuwa fundi wa polisi, akamwambia kompyuta ya duka lake imeonekana ina diski mbovu inayosambaza virusi mpakani. Alimwelekeza afungue orodha ya matukio ya Windows, na kweli, orodha ilikuwa na alama nyingi nyekundu. Wakala akaogopa. Lakini alama hizo zimo karibu katika kila kompyuta nzima. Ni kumbukumbu za mambo madogo madogo. Kisha akaambiwa apakue programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali na amsomee mpigaji namba iliyoonekana kwenye skrini. Programu hizo ni halali na mafundi wa kweli huzitumia, ila kumpa mgeni namba ile ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa duka na kugeuka ukutani. Wakala huyo alishtuka kabla ya kuisoma, akakata simu.

Polisi hatukagui kompyuta za wananchi kwa simu, kwa malipo wala bure. Kampuni ya Microsoft nayo haimpigii mtu simu ambayo hakuiomba ili kumwambia kompyuta yake ni mbovu. Ukipigiwa, kata. Ikiwa umekwisha kumruhusu mtu kuingia, tenganisha kompyuta na intaneti papo hapo, badilisha nywila zako kwa kutumia kifaa kingine, itaarifu benki au kampuni ya simu, kisha njoo kituoni na namba iliyokupigia na saa ya simu hiyo. Usione haya kwa kuwa namba ni ya nchi ya pili. Kenya ina sheria ya makosa haya ya mwaka 2018, na Tanzania ya mwaka 2015. Ripoti iliyoandikwa Busia, Malaba au Mutukula yaweza kufuatiliwa kwa ushirikiano wa pande zote mbili.

Kuhusu foleni, tumewaomba mafundi wasipange matengenezo asubuhi za siku za soko, nao wamekubali ila pale diski inapokuwa katika hatari. Ukikuta skrini nyeusi, askari wa zamu anatakiwa kukuandikia taarifa kwa mkono, kuigonga mhuri na kukupa namba kutoka kitabu cha matukio. Taarifa hiyo ina nguvu sawa na iliyochapwa. Yule mama wa vitenge hakupewa. Alingoja saa mbili na nusu, akapata karatasi yake basi likiwa limeondoka, akavuka kesho yake. Tulimtafuta sokoni kumwomba radhi, naye ndiye aliyetushauri tuandike makala hii.