Gitaa lenye njumu: tazama kingo kabla ya mng'aro

Mwezi uliopita nilipanda hadi Nchiru, kule Meru, kumtazama mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Safari yenyewe ilitokana na gitaa. Kijana alinitumia picha kwenye simu: gitaa la umeme, jeusi, na shingoni mwake mmea unatambaa kutoka juu hadi chini, majani yakimetameta kama ganda la chaza. "Shikamoo mjomba. Muuzaji anataka elfu 35. Nina 20, naomba uniongezee." Hizo elfu 20 alizidunduliza kwa mihula miwili, na najua nyingine zilikuwa pesa za chakula. Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka nifike.

Mimi si mpiga gitaa. Nimekulia katika karakana ya mbao Mji wa Kale, Mombasa, ambako marehemu baba alikuwa akitengeneza upya viti na makasha ya zamani, na kwa miaka mingi wapigaji wa bendi za mahotelini wameniletea magitaa yao yaliyopasuka. Ninachokijua ni mbao na njumu, na pale Nchiru kilichokuwa kikiuzwa kwa bei ile ni njumu.

Kazi hii si ngeni kwetu. Aliyeingia makumbusho ya Lamu ameona kiti cha enzi, mti mweusi uliotiwa vipande vya pembe au mfupa. Makasha ya Unguja yana njumu zake za shaba. Kwenye kiti kile fundi huchimba shimo katika mti, hukata kipande cha kitu kingine kwa umbo lile lile, hukitia, kisha hupiga msasa mpaka kidole kisijue mti umekoma wapi na mfupa umeanzia wapi. Kwenye shingo ya gitaa hufanywa hivyo hivyo, ila mfupa mara nyingi hubadilishwa kwa lulumizi, yaani lile ganda la chaza linalong'aa, au kwa plastiki iliyofanywa ifanane nalo.

Asiyepiga gitaa huenda akauliza alama zile ni za nini. Ubao wa vidole, ule wa mbele ya shingo, umekatwa kwa vyuma vyembamba viitwavyo freti. Kwa desturi alama huwekwa kwenye nafasi ya 3, 5, 7 na 9, kisha mbili kwa pamoja kwenye ya 12, na kuendelea. Freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi, na hapo sauti ya uzi mtupu hurudi ile ile, juu zaidi. Kwa hivyo alama ni dira ya macho. (Udi wetu wa taarab hauna freti, na mpigaji hutegemea sikio na mazoea ya mkono.) Tena mpiga gitaa mwenyewe hutazama zaidi vidoto vidogo vilivyo ubavuni mwa shingo. Pambo la mbele huonwa zaidi na anayemtazama.

Na kwenye sauti? Gitaa la umeme hulia kwa sababu uzi wa chuma hutetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya. Pambo la shingoni halina mchango ambao sikio litaushika. Fundi Konde, mtu wetu wa Kilifi, hutajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Nani leo anakumbuka shingo ya gitaa lake ilipambwa nini?

Mbona basi tuhangaike na njumu? Kwa sababu ni ushahidi. Mnunuzi haoni ndani ya mti, wala hakuwapo gundi ilipotiwa. Lakini njumu iko wazi mbele yake, na ni kazi isiyovumilia haraka. Aliyeikimbiza hapo, uwezekano ni mkubwa kwamba alikimbiza na pengine.

Kosa la wanunuzi wengi ni kuuliza kwanza: "Ni lulumizi ya kweli?" Swali hilo si la kwanza. Gibson walipotoa Les Paul mwaka 1952, alama zake za shingoni zilikuwa za plastiki. Ile ya bei ya juu zaidi, Les Paul Custom ya mwaka 1954, ndiyo iliyotiwa lulumizi. Na leo magitaa ya Les Paul ya mwaka 1959, yenye plastiki hiyo hiyo, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Plastiki iliyokaa sawasawa ni kazi nzuri. Ganda la kweli lililozungukwa na gundi ni kazi mbovu kwa kitu cha thamani. Ukitaka kuvitofautisha, igeuze shingo polepole kwenye mwanga wa dirisha: ganda la kweli hubadili rangi, na hakuna vipande viwili vyenye mchoro mmoja. Plastiki hurudia mawimbi yale yale.

Cha kutazama kwanza ni ukingo. Sogeza macho karibu, ukiweza na tochi ya simu, uimulike shingo kwa upande. Kati ya pambo na mti pasiwe na uwazi. Mafundi karibu wote huziba nafasi ndogo kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mti ule ule, na hilo si udanganyifu maadamu mstari ni mwembamba na rangi inalingana. Ukiona utepe mweusi mpana umelizunguka pambo, shimo lilichimbwa kubwa kuliko kipande. Kwenye magitaa ya kiwandani tazama zaidi pembe. Mashine huchimba kwa kisu cha mviringo, na kisu cha mviringo hakiwezi kutoa pembe kali ya ndani. Ama mtu alizimalizia kwa patasi, ama pambo lilikatwa pembe butu lilingane na shimo, ama pembe zimejazwa gundi tu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyozoeleka kwenye magitaa rahisi.

Kisha tumia ukucha, upitishe kutoka kwenye mti kwenda kwenye pambo. Usikwame. Mwisho tazama mpangilio: doto liwe katikati ya freti mbili, na yale mawili ya nafasi ya 12 yawe sawa kutoka kingo zote mbili.

Hapo kwenye ukucha ndipo gitaa la Nchiru lilipoanguka. Lilikuwa katika chumba cha kukodi nje ya lango la chuo, juu ya kitanda cha mwanafunzi mwenzao. Nilipopitisha ukucha, jani la kwanza liliinuka. Mmea wote ulikuwa karatasi ya kubandika, ile inayouzwa mitandaoni. Muuzaji naye alishangaa, na naamini alishangaa kweli, kwa kuwa alilinunua hivyo hivyo. Mpwa wangu alinyamaza kimya. Nililisugua na shingo kwa kitambaa chenye maji kidogo, kikatoka cheusi: mti mweupe uliotiwa rangi uonekane kama mpingo.

Pembeni, ukutani, kulikuwa na gitaa jingine la kijana huyo huyo, la rangi ya hudhurungi, vidoto vya kawaida, limechubuka mgongoni. Bei elfu 22. Nikaliomba.

Rangi ya mwili huamuliwa kwa mwanga vilevile. Shika gitaa ili taa ya dari ionekane juu yake kama kwenye kioo, kisha uliyumbishe. Taa ikinyooka, uso umesawazishwa. Ikivunjikavunjika kama maji yenye upepo, msasa uliachwa njiani. Tazama shingo inapoungana na mwili, na pale ukingo mweupe unapokutana na rangi, kama rangi imevuja. Mchubuko wa matumizi haunitishi, nautofautisha na uzembe wa mtengenezaji.

Hili la mwisho ni letu hasa, watu wa kupanda na kushuka. Mti hunywa unyevu wa pwani na kuutoa bara. Gitaa lililokaa Mombasa likipelekwa kwenye hewa kavu, ubao husinyaa kwa upana lakini vyuma havisinyai. Ncha za freti hutokeza na kukwaruza kiganja kama msumeno mdogo, na njumu iliyogundishwa vibaya huanza kuinuka. Telezesha mkono kandokando ya shingo, pande zote mbili. Gitaa lile la hudhurungi lilikuwa na ncha tatu hivi zinazouma. Hizo fundi huzipiga tupa ndogo kwa saa moja. Shingo ilikuwa imenyooka, na nyuzi hazikugonga chuma popote nilipomwambia mpwa wangu apige noti moja moja, freti kwa freti, nyuzi zote 6.

Alilitoa kwa elfu 19 kwa M-Pesa, akabaki na elfu moja ya chai. Usiku, mimi niko garini narudi, akanitumia picha nyingine. Ameupaka ubao mafuta, unang'aa. Chini ameandika: "Mjomba, doto moja la 12 limekaa nje kidogo. Ulikuwa umeliona?"

Nilikuwa nimeliona tangu liko ukutani.