Katoka Naiti? Mwache Alale!

Shoga yangu ni nesi huku Bagamoyo. Akitoka naiti, jua la pwani limeshawaka, bodaboda zinapiga honi, wageni wanabisha hodi, na mumewe anaulizia chai. Jamani! Asubuhi hiyo kwake ndiyo usiku.

Wala si uvivu. Mwili una saa yake, na saa hiyo hufuata mwanga. Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kugundua inavyofanya kazi. Mwanga ukiingia machoni, melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, hushuka. Ndiyo maana usingizi wa mchana huwa mfupi, na nesi mwenye usingizi anaweza kukosea dozi ya mgonjwa. Hapo si suala la ndoa tu. Mwaka 2019 IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, ilirudia kusema kwamba kazi ya usiku huenda inasababisha saratani.

Sasa wewe shemeji uliyeoa nesi: weka pazia zito, washa feni, pokea wageni mwenyewe, watoto wacheze kwa jirani. Yeye kahawa aiache kuanzia saa 8 usiku, na njiani avae miwani ya jua.

Mambo ya chumbani? Subiri aamke, bwana!